Gari Halivuti: Upepo wa Tabo Hupotelea Wapi?

Atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa kwa gari kuukuu la dizeli aghalabu huwa hana la kulalamikia mpaka afike Kitonga. Hadi hapo barabara imemchukua kwa hisani, Morogoro imepita, mbuga ya Mikumi imepita, na mngurumo wa injini umekuwa ule ule aliouzoea. Lakini pale njia inapoyaacha mabonde ya Ruaha Mbuyuni na kuanza kuukwea mlima kwa kona zinazofuatana bila ya kumpa mtu nafasi, gari lililokuwa likienda kwa adabu huanza kudai gia ya tatu, kisha ya pili, mguu wa dereva umeshagusa sakafu ilhali mwendo unazidi kupungua, na nyuma yake malori matupu yarudiyo Tunduma yanapiga honi. Kesho yake mwenye gari huwa yuko gereji, naye hutamka maneno ambayo kila fundi wa nchi hii ameyasikia mara zisizo na idadi: "Fundi, gari halivuti."

Hapo ndipo hukumu hupitishwa kabla ya shauri kusikilizwa. Maadamu gari ni la dizeli na lina tabo, na maadamu nguvu zake zimepungua, basi husemwa kwamba tabo imekufa. Geji ya kupimia upepo haijafungwa, mpira hata mmoja haujaguswa, na mwenye gari amekwisha kuagizwa kwenye maduka ya spea za mtumba akatafute tabo nyingine. Akiipata huilipia fedha nyingi, hufungiwa, hurudi Kitonga, na mlima humjibu vile vile ulivyomjibu kwanza. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba upepo wa tabo unapopotea, mara nyingi tabo yenyewe haina hatia. Na kwamba iko taratibu ya kuutafuta, ianzayo kwenye vitu vya bei nafuu na kuishia kwenye vya ghali, ambayo mtu mwenye subira na vifaa vichache aweza kuifuata mpaka akaacha dhana na kupata yakini.

Dizeli na haja yake ya hewa

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Huivuta hewa, huibana ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli hurusha mafuta ndani ya joto hilo nayo yakawaka yenyewe. Kiasi cha mafuta kiwezacho kuungua kikaisha hutegemea kiasi cha hewa iliyomo. Ukizidisha mafuta bila ya kuzidisha hewa hupati nguvu, bali wapata moshi mweusi, nao si kitu ila dizeli uliyoilipia ikitoka kwenye ekzosi bila ya kufanya kazi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza mwaka 1905 juu ya fikira kwamba moshi wa injini hutoka na joto na nguvu zinazotupwa bure, na kwamba nguvu hizo zaweza kuzungusha panga la kusukumia hewa ndani ya injini ile ile. Fikira hiyo, ambayo ndiyo asili ya tabo, ilikawia kuzaa matunda. Lakini katika miaka ya 1920, meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipofungwa injini za namna hiyo, kila injini ilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500.

Kwa mfano ulio karibu nasi zaidi, na tulitazame Land Rover Defender, gari lililotumikia polisi, misheni na hifadhi za wanyama kote Afrika Mashariki. Injini ya dizeli ya lita 2.5 isiyokuwa na tabo, iliyofungwa kwenye Land Rover katika miaka ya 1980, haikufikia nguvu za farasi 70. Ile iitwayo 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994 ikiwa na ukubwa ule ule wa sentimita za ujazo 2,495, hutoa 111. Si tabo peke yake iliyoleta tofauti hiyo, kwa kuwa namna ya kurusha mafuta nayo ilibadilishwa, na hewa ikawekewa rejeta yake ya kuipoza, ambayo mafundi huiita intakula. Walakini uondoe upepo wa tabo, na farasi wale walioongezwa hutawanyika mara moja.

Fauka ya hayo, liko jambo la mwinuko. Pwani hewa hukandamiza kwa takriban bar 1. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi kama bar 0.85, na Nairobi hali haipishani sana na hiyo. Injini isiyo na tabo hufika bara ikiwa imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika sita ya hewa yake. Tabo iliyo nzima huifidia hasara hiyo kwa kiasi kikubwa, bali tabo isiyosukuma huiacha injini ikapata hasara mbili kwa pamoja, ya upepo wa ziada na ya hewa ya asili. Na ndiyo sababu gari ambalo Dar es Salaam lilionekana kustahimilika, likifika Kitonga huumbuka.

Shutuma isiyotosha

Kabla ya kushika spana ni lazima lifahamike jambo moja, ambalo likisahauliwa uchunguzi wote huharibika. Tabo, lile dude la chuma lenye umbo la konokono, lina mapanga ya namna mbili juu ya shafti moja: upande mmoja huzungushwa na moshi, upande wa pili husukuma hewa. Haina mkanda, wala gia, wala umeme. Riziki yake yote hutoka kwenye moshi. Injini ikiwaka vizuri, moshi huwa mwingi na wa moto, shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hewa hujaa. Injini ikiwaka vibaya, kwa sababu yoyote iwayo, moshi hufifia, tabo hulegea, na hewa hupungua. Kwa hivyo geji isomapo upepo mdogo haijasema kwamba tabo ni mbovu. Imesema tu kwamba upepo ni mdogo. Chujio la dizeli lililoziba, pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tangini iliyochoka, au majira ya pampu ya nozeli yaliyokosewa siku ulipofungwa mkanda mpya wa taimingi, kila moja la hayo laweza kuipunguzia injini moto wake, na tabo ikabebeshwa dhambi ya mafuta.

Shahidi wa kwanza wa kuulizwa ni moshi. Gari likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi mzito, maana yake ni kwamba mafuta yanafika lakini hewa haiyatoshi, na msako uelekee kwenye njia ya hewa. Likikosa nguvu ilhali ekzosi ni safi, basi yamkini mafuta yenyewe hayafiki kwa kadiri inayotakiwa, na ni upumbavu kuifungua tabo kabla ya kubadilisha chujio la dizeli, ambalo ni rahisi kwa bei na kwa kazi. Moshi wa buluu ni habari nyingine kabisa: hiyo ni oili inaungua, nayo yaweza kupita kwenye sili za tabo au kwenye ringi za pistoni.

Lakini kwenye injini hii ya 300Tdi kuna siri moja ya moshi safi ambayo imewatia watu wengi hasarani. Juu ya pampu yake ya Bosch kimo kiwambo cha mpira kilichofunikwa kwa kifuniko chenye skurubu nne, na kutoka kwenye tabo huja kimpira chembamba kinacholeta upepo juu ya kiwambo hicho. Upepo ukipanda, kiwambo husukumwa chini pamoja na pini yenye ncha ya mshazari, na pampu huruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Usipopanda, pampu hubaki na kipimo chake cha ubahili. Kimpira kile kikipasuka, au kiwambo kikachanika, tabo yaweza kuwa nzima kabisa, lakini habari zake haziifikii pampu, na gari huwa zito bila ya kutoa moshi wa kulishitaki. Kipimo chake ni chepesi: kichomoe kimpira upande wa tabo, upulize, hewa ikipenya bila ya kizuizi, mahali pa kutazama pamepatikana. Anayekifungua kifuniko atie alama kabla ya kuinua kitu, kwa kuwa pini ile haikuchongwa sawa pande zote, na ikirudishwa ikiwa imegeuka, kipimo cha mafuta nacho hugeuka.

Kuifuata njia ya hewa

Fundi mwenye insafu huanza kwa kupima. Huikata njia ya kimpira chembamba, hutia kiungio cha njia tatu, na kuipitisha paipu ndefu mpaka ndani, ambako geji hushikwa na mtu wa pili asiyekuwa dereva. Kisha hulitoa gari barabarani likapande mlima kwa gia ya tatu, akselereta imekanyagwa yote, kwa kuwa kulivumisha gari likiwa limesimama gereji hakuonyeshi kitu: injini ya dizeli isiyobeba mzigo huungua mafuta kidogo, moshi wake ni haba, na hata tabo nzima haina cha kusukumia. Kwenye 300Tdi iliyo sawa, geji itapanda hadi kati ya bar 0.8 na 1. Gari jingine lina kipimo chake kitabuni. Ikumbukwe kwamba geji husoma ziada iliyo juu ya hewa ya mahali, hivyo bar 0.9 ya Iringa na bar 0.9 ya Tanga si shibe moja kwa injini.

Ikiwa geji imeshindwa kupanda, mtafutaji aanzie mlango wa kuingilia hewa na kuifuata njia mpaka mwisho. Chujio la hewa lililobeba vumbi la msimu mzima husamehewa mara nyingi kwa sababu ya kupulizwa kwa kompresa, ilhali lilipaswa kutupwa. Baada ya chujio huja mpira mpana wa kuelekea tabo, nao ukizeeka hulainika, na injini ikivuta kwa nguvu hujikunja kwa ndani na kuziba njia. Ukizima gari na kuutazama, utaukuta umejirudishia umbo lake kama kwamba haukufanya lolote.

Hila kama hiyo, kwa upande wa pili, ndiyo iliyo mashuhuri kuliko zote: mpasuko wa mipira baina ya tabo na intakula, na baina ya intakula na injini. Mvuke wa oili hupita humo miaka na miaka, ukaulainisha mpira kwa ndani, na ufa ukaanzia upande wa chini usioonekana. Injini ikiwa inanguruma polepole ufa hufumba. Upepo ukijaa hufumbua. Nilipata kumwona fundi mmoja kijana, gari la mzee mstaafu likiwa mbele yake, ambaye hakugusa bisibisi kwa muda mrefu. Alipangusa mpira kwa kitambaa, akapitisha kidole chake chini yake taratibu kutoka kilipu moja hadi ya pili, kidole kikasita; akautazama, ukawa mweusi kwa vumbi lililoganda penye umajimaji wa oili, palepale tu na si penginepo. Kisha akaukamata mpira kwa mikono miwili akaupinda, na ufa wa urefu wa kidole ukafunguka.

"Mzee, tabo yako nzima," alisema. "Upepo unatokea hapa."

"Basi nikanunue mpira tu, fundi?"

"Mpira na kilipu zake mbili, mzee. Ila usichukue zile kilipu zenye matundu. Ukizikaza sana zinaukata mpira, utarudi tena kwangu."

Pale ambapo kidole hakikupata kitu, hutumika upepo wa kompresa. Mdomo wa tabo huzibwa kwa kipande kilichotiwa valvu ya gurudumu, kifuniko cha oili hufunguliwa ili shinikizo lisijikusanye ndani ya injini, na hewa huingizwa kidogo kidogo, isizidi ile ambayo gari lenyewe huitumia. Povu la sabuni likipakwa kwenye viungo vyote, palipo na tundu huchemka mapovu. Intakula nayo isisahauliwe, hasa kwenye maungio ya pembeni. Na pakiwa na geji mbili, moja ifungwe penye mlango wa kutokea wa tabo na nyingine karibu na injini. Zikitofautiana sana, baina yake pana tundu au pana kizuizi, na uwanja wa msako umepunguzwa ukawa mfupi.

Hewa ikithibitika kuwa na njia salama, hugeukiwa moshi. Manifoldi ya ekzosi ya 300Tdi ina desturi ya kujipinda kwa joto na kukata stadi zake za mwishoni. Moshi ukivuja hapo, kabla ya kuifikia tabo, riziki ya tabo imeibwa njiani. Dalili yake ni mlio wa kugonga injini ingali baridi, na mstari wa masizi juu ya chuma. Kinyume chake ni sailensa ambayo kuta zake za ndani zimebomoka zikaziba njia: moshi hauna pa kwenda, tabo hukwama, na dawa ya kuthibitisha ni kulegeza bomba lililo nyuma ya tabo na kujaribu gari mwendo mfupi, kelele zikivumiliwa.

Kisha huja kilango cha kupunguzia, kilichowekwa pembeni ya panga la moshi ili upepo ukifika kipimo chake kifunguke na moshi uliozidi upite kando. Husukumwa na kifimbo kitokacho kwenye kopo lenye kiwambo. Kikikwama wazi kwa kutu na masizi, moshi wote hupita kando na tabo hubaki imelala. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kiwambo cha kopo hilo kikichanika upepo utapungua, ilhali ni kinyume: kilango hakitafunguka, na upepo utapindukia mpaka. Hatari ya namna hiyo hiyo huwapata wale wanaokifupisha kifimbo ili gari liruke. Siku za mwanzo hufurahi, na baadaye hulipa gasketi ya silinda hedi, au pistoni.

Zamu ya tabo yenyewe

Yote hayo yakipita bila ya hatia kupatikana, ndipo ifikapo zamu ya tabo, nayo huchunguzwa injini ikiwa baridi na imezimwa. Mpira wa mbele ukiondolewa, mapanga huonekana: yawe na ncha kali zilizo timamu, yasiwe yamelika kwa mchanga wala kukwaruza ukuta. Shafti ikishikwa kwa vidole na kutikiswa huku na huku, mchezo mdogo ni halali yake, kwa kuwa huelea juu ya oili nayo kwa sasa haina shinikizo. Lakini ikivutwa mbele na kusukumwa nyuma isionyeshe mchezo wa kuhisika. Utando wa oili ndani ya mipira si ajabu. Oili iliyotuama ni kadhia. Na mlio wa kama king'ora unaopanda pamoja na mwendo haufai kupuuzwa.

Tabo inayomwaga oili ndani ya njia ya hewa ina shari kubwa kuliko kupunguza nguvu. Injini ya dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta yake, ikajizidishia mwendo yenyewe, na kuzima ufunguo kusiisimamishe kwa kuwa hailishwi tena na pampu. Likitokea hilo, gari la gia za mkono hushindiliwa breki, hutiwa gia ya juu na kuachiwa klachi mpaka injini izimike. Au mlango wa hewa huzibwa kwa ubao imara, kamwe si kwa mkono wala kwa kitambaa.

Magari mengine yameongeza macho ya umeme, ila hesabu ni ile ile. Toyota zenye injini ya 1KZ-TE, kama vile Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, zina kimpira kinachopeleka upepo kwenye sensa badala ya kiwambo cha pampu. Kikiziba masizi au kikapasuka, kompyuta hupunguza mafuta, na mwenye gari huambiwa habari ya tabo. Kwenye 1KD-FTV, iliyokuja mwaka 2000, mapanga madogo yanayogeuka huuelekeza moshi, na masizi yakiyakamata, upepo huja kwa kuchelewa au huzidi. Taa ya injini huwaka na gari hujifunga lisiende kwa nguvu. Mashine ya kusoma makosa hutaja mahali palipolalamika, na mahali hapo si lazima pawe ndipo palipoharibika, kwa hiyo kidole chini ya mpira kingali na kazi.

Na pale inapothibitika kwamba tabo kweli imekufa, swali linalobaki ni nini kiliiua, maana ni nadra kufa kwa uzee wake. Aghalabu ni oili iliyokaa kupita muda wake ikaganda katika paipu nyembamba ya kuilisha, au vumbi lililopenya kwenye chujio bovu, au desturi ya kuzima gari mara tu baada ya kuukwea mlima, oili ikaungua juu ya shafti yenye moto. Anayefunga tabo nyingine juu ya paipu ile ile na oili ile ile amenunua muda tu. Abadilishe oili na chujio lake, aisafishe au aitupe paipu, ahakikishe njia ya oili kurudi chini haikuziba, aitilie tabo oili kwa mkono kabla ya kuwasha, na kwa dakika za kwanza asiivumishe.

Kazi ikimalizika, mwenye gari asiridhike na neno "tayari" la fundi, wala fundi asikasirike akiombwa ushahidi. Geji irudishwe, gari lipelekwe mlima ule ule kwa gia ile ile, na kipimo kiandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Wenye magari walio wengi huandika fedha walizotoa na spea walizonunua, lakini kipimo cha gari likiwa zima hawanacho. Na asiyekuwa nacho, siku gari litakaposita tena, itambidi aamini chochote atakachoambiwa.